Kondo la Watoto Wanane

Mistari minane ilikuwa imelaliana kwenye skrini ya Nzau hata ikaonekana kama mstari mmoja ulionenepa. Mingine mia tatu na minne ilikuwa imetawanyika, kila mmoja, wa sampuli ya mtoto mmoja, ukishika njia yake, kama ilivyotakiwa.

"Kuza," alisema Daktari Wamucii.

Nzau akakuza. Mistari haikuachana. Akakuza tena mpaka nambari za pembeni zikawa kubwa kama vidole, na bado ile minane ilikuwa mmoja.

"Umepakia faili moja mara nane."

"Hilo ndilo nililoomba liwe, Daktari. Nimerudia kazi yote kutoka mwanzo mara tatu. Ningekuwa nimelewa ningefurahi, maana ulevi huisha." Nzau alikuwa mchambuzi wa takwimu wa taasisi, mtu wa miaka arobaini ambaye utani wake uliongezeka kadiri hofu yake ilivyoongezeka. "Si faili. Ni nyama ileile."

Wamucii akavuta kiti, akaketi. Hakuwa mtu wa kushtuka mbele ya watu. "Jinsia?"

"Kwenye karatasi, watano wavulana, watatu wasichana. Kwenye sampuli, wote wanane ni msichana." Akasita. "Msichana mmoja."

Ghorofa tisa chini yao, Westlands ilikuwa ikipiga honi. Ilikuwa Jumanne, saa nne ya asubuhi. Alhamisi saa tatu, mtoto wa kwanza angemeza dawa kwa sababu ya mojawapo ya mistari ile.

Kwa miaka saba Wamucii alikuwa akifuatilia jambo moja. Herufi za vinasaba mtu huzirithi na hufa nazo. Lakini juu ya herufi hizo hubandikwa alama ndogo za kikemia zinazoamua ipi isomwe na ipi ifunikwe, na nyingi kati ya alama hizo huwekwa wakati mimba ingali changa na ubongo unajengwa. Njaa ya mama, homa yake, dawa anazomeza, vyote vinaweza kuzisogeza. Ubongo wa mtoto aliye hai haukatwi ili upimwe. Kondo la nyuma, lililoota pamoja naye kutoka yai lilelile, hukatwa bila kumuumiza mtu. Ndiyo maana alikusanya makondo mia tatu na kumi na mawili kutoka wodi moja ya uzazi huko Kilimani, kisha akawafuata watoto wenyewe kwa miaka mitano, akiandika ni nani walioanza kuanguka kifafa na ni nani waliochelewa kusema.

Alama ikapatikana. Ilikaa juu ya jeni inayotuliza seli za ubongo, na ilikuwa nzito zaidi kwa watoto wagonjwa. Makala yake ilikuwa imekwisha kukubaliwa na jarida. Dawa ya kulegeza alama za namna hiyo ilikuwa imejaribiwa kwa panya, kisha kwa watu wazima, nayo ilikuwa na ila moja iliyojulikana vyema: iliweza kuliharibu ini. Watoto watano wagonjwa waliokuwa na alama nzito kuliko wote waliteuliwa kuianza. Wiki mbili zilizopita walipunguziwa dawa zao za zamani. Jumapili waliziacha kabisa.

"Wale watano," Wamucii alisema. "Wamo kwenye hawa wanane?"

Safari hii Nzau hakutania. "Wote watano."

"Watoe wanane. Hesabu upya."

Kompyuta ilichukua dakika thelathini na tano. Wamucii alizimaliza akiwa amekaa palepale, mikono juu ya magoti, bila kusoma simu wala kunywa chai aliyoletewa. Matokeo yalipotoka, ile tofauti kati ya watoto wagonjwa na wazima ilikuwa imetoweka. Haikupungua, haikudhoofika. Haikubaki hata ya kubishania.

"Rudia," alisema, ingawa alijua.

Nzau akarudia. Jibu halikubadilika.

Profesa Ephantus, mkurugenzi wa taasisi, alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, kisha akavua miwani yake na kuifuta kwa ncha ya tai.

"Makondo manane kati ya mia tatu ni vumbi, Wamucii."

"Vumbi hilo ndilo lililokuwa ukuta mzima, Profesa. Nataka kusimamisha majaribio."

"Kwa sababu ya mchoro." Hakuwa mkali. Alikuwa amemfundisha tangu shahada ya kwanza, na sauti yake kwake ilibaki ile ya darasani. "Mmoja wa wale watano, Zedekiah Okinyi, anaanguka mara ngapi kwa wiki?"

"Nne. Tano."

"Akiwa kwenye dawa zote tulizo nazo. Sasa niambie unachomnyima. Dawa inaweza kumsaidia hata kama tumekosea sababu. Jambo hilo limetokea mara ngapi katika tiba?"

"Inaweza kumsaidia. Inaweza pia kumla ini mtoto wa miaka mitano, nami sina hata sentensi moja ya kueleza kwa nini nilimpa."

"Hujui kwamba haitafanya kazi."

"Sijui lolote. Hiyo ndiyo hoja yangu."

Profesa akavaa miwani. "Unayo mistari. Hujui nani alifanya nini, wala kama kosa ni la wodini au ni la mashine yetu. Ukisimamisha kwa makosa, kamati ya maadili haitatufungulia mlango tena, na watoto hao watarudi kwenye dawa zilezile zisizowatosha. Niletee mtu wa kusema kwa kinywa chake. Nakupa mpaka saa kumi. Bila hivyo, Alhamisi ni Alhamisi."

Vichupa vyote vinane vilikuwa vimetiwa sahihi ya mtu mmoja: Stellah Ajwang, muuguzi mkuu wa zamu katika ile wodi ya Kilimani. Wamucii alichukua teksi. Njiani alipanga maswali yake kwa utaratibu, moja likimfungia muulizwaji njia ya kulikwepa la pili, na alipofika yalikuwa kumi na moja.

Hakulihitaji hata moja. Sista Stellah alikuwa katika chumba cha wauguzi, viatu amevivua, miguu yake iliyovimba ameipumzisha juu ya kiti. Alipomwona mlangoni aliishusha taratibu.

"Karibu, Daktari. Umechelewa. Nilidhani mngegundua mwaka wa kwanza."

"Lilikuwa kondo la nani?"

"La mama mmoja wa Lavington. Alisema litupwe, hata kuliona hakutaka. Nikalikatakata, nikaliweka kwenye jokofu la barafu, chini kabisa, nyuma ya vile vichupa vyenu." Alisema kama mtu anayekabidhi zamu. "Kichupa cha kwanza kilikuwa cha mtoto wake mwenyewe. Huyo yumo kihalali."

"Mtoto huyo yuko vipi?"

"Mzima kabisa. Mwezi uliopita mama yake alinitumia picha, anaogelea."

Kati ya wote wanane, mmoja tu ndiye aliyekuwa na alama ile kweli, naye hakuwa ameugua hata siku moja.

"Na yale mengine saba?"

"Yalikwenda nyumbani. Matatu Ugenya, mawili Alego, mawili Busia. Kwetu kondo linazikwa boma la baba, ndipo mtoto awe na mahali pa kusema hapa ni kwetu. Hata watu wa kwenu walizika zamani. Muulize mama yako kama ataona haya kukuambia."

"Nilihitaji kipande kidogo tu, Sista. Ukubwa wa punje ya mahindi."

"Ulihitaji punje. Uliandika kondo zima, lisitoke wodini, bila ubaguzi. Niliyasoma masharti yako, ninajua kusoma." Stellah akauegemeza mgongo wake ukutani. "Halafu unakuja bibi kutoka Ugenya, amesafiri usiku kucha na mkebe wake wa maziwa. Mjukuu amezaliwa hapumui, yuko kwenye oksijeni. Bibi ananiambia, binti yangu, ukilikata umemkata yeye. Siku hiyo ungemwambia nini?"

"Ningeandika kwamba sampuli haikupatikana."

"Na mtoto?"

"Angetolewa kwenye utafiti."

"Pamoja na kliniki yake ya bure ya miaka mitano. Mtoto aliyezaliwa hapumui." Stellah hakupandisha sauti. "Mama aliyejifungua salama, mtoto analia vizuri, huyo mkwe wake hakuja. Alipiga simu tu. Waliokuja na mikebe ni wale waliokuwa na hofu. Na ndio hao waliohitaji daktari kuliko wote. Sasa ungeniambia niwafute?"

Wamucii aliona kosa likijipanga mbele yake, hatua kwa hatua, safi kama zoezi la ubaoni. Uzazi mgumu ulimleta bibi. Bibi aliondoka na kondo. Stellah alijaza kichupa kutoka kwa msichana wa Lavington. Miaka ikapita, na watoto wa uzazi mgumu, ambao ubongo wao ulikosa hewa, wakaanza kuanguka. Mashine ikaona wagonjwa watano wenye alama moja. Hapakuwa na mtu aliyekula njama. Alama iliyogunduliwa na Wamucii, iliyopita kwa wahakiki watatu, ilikuwa ni nyayo za akina bibi wakitoka wodini.

"Ungeniuliza," alisema.

"Nilikuuliza. Siku ya mafunzo, kwenye ule ukumbi wenu wa viti vya samawati. Nikainua mkono, nikasema, mama akikataa je? Ukasema, akikataa hayumo. Ukageuza ukurasa."

Wamucii hakukumbuka. Alikuwa na tabia ya kuhifadhi kila karatasi, kwa hiyo alifungua kompyuta yake ya mkononi juu ya meza yenye makombo ya mkate na kuyatafuta maandishi ya siku ile. Yalikuwa ukurasa wa nne. *Swali: mzazi akitaka kondo? Jibu: anaondolewa.* Pembeni, herufi za jina lake mwenyewe. Maisha yake yote alikuwa ameyaamini maandishi kuliko kumbukumbu, na haya yalikuwa maandishi yake.

Akausoma mstari ule mara mbili. Lilikuwa jibu sahihi kwa swali aliloliona yeye, la usafi wa sampuli. Swali aliloulizwa lilikuwa jingine.

"Utanishtaki?" Stellah aliuliza.

"Nitaandika kilichotokea. Na hili nalo nitaliandika," akagusa skrini.

Aliandika palepale, wauguzi wakiingia na kutoka, mmoja akimwomba msamaha ili achukue kikombe. Aya ya kwanza ilieleza sampuli. Ya pili ilieleza hesabu mpya. Ya tatu iliiomba kamati kusimamisha majaribio kuanzia saa ile na watoto warudishiwe dawa zao. Ya nne ilikuwa fupi kuliko zote na ilimchukua muda mrefu kuliko zote, kwa sababu kila mara aliiandika kwa sauti ya mtu asiyekuwapo: *masharti yaliwekwa*, *uamuzi ulifanywa*. Mwishowe aliandika: *Masharti haya niliyaweka mimi.* Akaituma saa tisa na nusu, nakala kwa Profesa.

Profesa alipiga simu kabla hajafunga kompyuta. "Umeizika miaka saba kwa aya tatu."

"Nne, Profesa."

"Nimeiona ya nne," Profesa alisema, kisha akakata.

Daktari wa kliniki alikuwa tayari akiwapigia wazazi wawarudishie watoto dawa za zamani. Familia nne zilipatikana. Mama yake Zedekiah hakupokea simu, mara sita.

"Maurine akiwa kwenye cherehani hasikii kitu," Stellah alisema, akivaa viatu. "Duka la tatu ukipita kituo cha mafuta. Nenda kwa miguu, gari litakuchelewesha."

Wamucii hakuwa tabibu. Udaktari wake ulikuwa wa maabara, ingawa akina mama walimwita Daktari kama wengine na yeye hakuwahi kuwasahihisha. Alikuwa amemwona Zedekiah mara mbili, akiwa amelala, na mara elfu akiwa nambari 0147. Alitembea haraka kando ya magorofa ya vioo, na alipofika kwenye duka la ushonaji alikuwa akihema.

Maurine aliinua macho kutoka kwenye sare ya shule, pini mdomoni. Mwanawe alikuwa ameketi kwenye mkeka kando ya miguu yake, akipanga vifungo kwa rangi.

"Daktari? Kwani leo ni Alhamisi?"

"Mama Zedekiah, ile dawa yake ya zamani iko wapi?"

"Kwa mkoba."

"Mpe sasa. Kipimo kilekile cha zamani. Nitaeleza akishameza."

Maurine alimtazama kidogo, akatema pini, akamimina. Mtoto alimeza kwa kukunja uso na kurudi kwa vifungo vyake.

"Itachukua siku mbili tatu kushika," Wamucii alisema. Kisha akaeleza yote, kwa mpangilio, bila kulainisha: kichupa, msichana wa Lavington, hesabu, ini. Maurine alisikiliza huku akikunja ile sare, akaikunjua, akaikunja tena.

"Kwa hivyo hakuna dawa."

"Ile mpya, hapana."

"Na ingine?"

"Sijui."

Maurine akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei. "Mimi nilijua hamna kondo yake. Mama mkwe aliibeba mpaka Ugenya, mimi nikiwa bado nimelala na dripu. Halafu mnaniita kliniki mnaniambia kondo ya Zedekiah iko na alama. Nikasema pengine Sista alibakisha kidogo. Baadaye nikasema pengine siku hizi kuna mashine haihitaji. Watu wamesoma hivyo, mimi nani niwabishie?"

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema ningetolewa. Wewe ungesema?"

Wamucii alitafuta jibu la kweli, akalipata, na halikumfurahisha. "Hapana."

"Basi."

"Ulitia sahihi kwenye karatasi ya dawa. Iliandikwa kuhusu ini."

"Nilitia. Mtu anazama, umemrushia kamba, kwani ataanza kusoma imetengenezwa wapi?" Maurine karibu acheke. Kisha akageuza uso ghafla, kabla Wamucii hajasikia chochote.

Vifungo vilikuwa vimeacha kugongana. Mkono wa mtoto ulibaki hewani, na macho yake yakapanda juu kushoto kana kwamba ameitwa na mtu aliye darini. Maurine alikuwa amekwisha piga magoti. Alimlaza ubavu, akasukuma vifungo mbali, akaweka kiganja chini ya shavu lake.

"Hesabu," alisema.

"Nini?"

"Saa, Daktari. Hesabu."

Wamucii alitazama saa yake. Katika fomu zake tukio hili lilikuwa kisanduku cha kuwekewa alama: chini ya dakika moja, moja hadi tano, zaidi ya tano. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba sakafu hutetemeka, wala kwamba midomo hugeuka rangi ya wino.

"Sekunde arobaini."

"Taja kwa nguvu. Nikisikia ninatulia."

"Hamsini. Dakika moja. Moja na nusu. Dakika mbili."

"Ikifika tano tunatafuta gari. Endelea."

"Mbili na nusu." Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliitazama nambari ikipanda na kutamani isiwe ya kweli. "Tatu. Tatu na robo. Tatu na nusu."

Mwili mdogo ulilegea. Pumzi ndefu ikatoka, yenye mkoromo, kisha nyingine. Maurine alibaki na kiganja chake palepale, akimwambia mtoto kwa sauti ya chini jina lake na mahali alipo.

"Ilikuwa ngapi?"

"Dakika tatu na sekunde arobaini na mbili."

"Hapo kwa droo ya cherehani kuna daftari. Andika wewe, mimi nimemshika."

Lilikuwa daftari nene la kurasa mia mbili, la tatu, kwa jinsi jalada lilivyoandikwa. Ndani, mistari ilipigwa kwa rula. Tarehe. Saa. Muda. Alikuwa amelala saa ngapi. Alikuwa amekula nini. Homa. Joto la siku, mvua au jua. Mwandiko ulikuwa mmoja, wima, bila kufutwafutwa, ukurasa baada ya ukurasa, mwezi baada ya mwezi. Katika utafiti wote hapakuwa na mtu aliyemwuliza mama kama anaandika chochote.

Wamucii alijaza safu kwa uangalifu, akiuliza usingizi, akiuliza chakula. Alifika kwenye safu ya mwisho, iliyokuwa na kichwa *Sababu*. Akafunua nyuma ukurasa mmoja, kisha kumi. Safu hiyo ilikuwa tupu kutoka juu hadi chini.

"Hapa mwisho niandike nini?"

Maurine hakuinua macho kutoka kwa mtoto. "Hapo huwa naacha. Nilikuwa nawangojea nyinyi."

Mtoto alikuwa ameanza kukoroma usingizi wa kawaida. Mteja alisimama mlangoni na suruali mkononi, akawaona, akaondoka bila neno. Wamucii aliweka kalamu chini. Aliketi kwenye mkeka, miguu yake ameikunja katikati ya vifungo, akalifunua daftari kwenye ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma.